Bibi Hakuitaja Fimbo

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, bibi yangu alinikataza mambo mengi, na mengi nimeyasahau. Nisikalie kinu. Nisipige mluzi ndani ya nyumba. Nisiruke mguu wa mtu aliyelala. Lakini katazo moja halijanitoka mpaka leo, kwa sababu nililivunja huku nikiamini kwamba nimelishika. Bibi alisema kiota cha ndege hakinyooshewi kidole. Ukikinyooshea, mama mwenye kiota hatarudi, na kilichomo ndani kitakufa.

"Na nikisahau?" nilimwuliza.

"Ukisahau, king'ate kidole chenyewe upande huu na upande huu, uteme mate, uondoke bila kugeuka. Pengine utasamehewa."

"Na nani?"

"We mtoto, mbuzi wako wamefika wapi saa hizi?"

Hivyo ndivyo bibi alivyofunga mazungumzo yaliyomshinda.

Tulikuwa wawili tu katika tembe letu, chini ya mlima ulio juu ya Mpwapwa. Mama alifariki kabla sijaijua sura yake. Baba alikwenda kwa Wadachi waliokuwa wakitandika reli kutoka pwani, akasema atarudi wakati wa kuvuna uwele. Uwele ulivunwa, ukavunwa tena, hakurudi. Kigoda chake bibi alikiacha pale pale mlangoni, na mgeni akitaka kukikalia alimwambia, "Hicho kimevunjika mguu." Hakikuwa kimevunjika.

Wakati wa kiangazi, nyasi za karibu zilipokwisha, watoto wenzangu walipeleka ng'ombe mbugani kwa makundi. Niliwasikia kwa mbali wakiimba na kugombana. Sisi hatukuwa na ng'ombe. Mimi nilipanda mlimani peke yangu na mbuzi wetu wachache, maana mbuzi hujua kutafuta majani hata kwenye mawe. Nilikuwa mwoga wa watu. Mtu akinisalimu, jibu lilinifika mdomoni wakati yeye ameshapita. Watoto wakaniita Bubu. Zilikuwepo siku nilizorudi nyumbani sijasema neno lolote tangu alfajiri isipokuwa kwa mbuzi, na mbuzi nao wana shughuli zao.

Juu kabisa ya mlima ule kuna msitu ambao ukungu hauutoki. Miti yake imeota ndevu za kijivu, na baridi yake hukaa hata mchana. Chini ya msitu ni majabali matupu. Katika jabali moja refu, kwenye kibaraza cha mwamba, palikuwa na kiota cha tai. Tai wale ni weusi kama chungu cha zamani, na mgongoni wana alama nyeupe, kana kwamba mtu amewamwagia unga. Ni wachache. Bibi alisema mlima mzima huwa na mume na mke tu, na milima mingine haina hata hao. Sasa naishi tambarare, hapa Dodoma, na sijamwona hata mmoja akipita.

Ng'ambo ya korongo, mkabala na jabali lile, palikuwa na jiwe bapa. Hapo ndipo nilipokaa kila siku kula ubuyu wangu na kiporo cha ugali. Kiotani alikuwemo kinda mmoja, mweupe kama pamba. Baba yake alileta pimbi, mama yake akamchania vipande vidogo vidogo. Jua lilipopanda na kuanza kuingia kibarazani, mama alisimama ukingoni, akaligeuzia jua mgongo, akafungua mabawa, na kinda akakaa ndani ya kivuli chake. Mama akiondoka kidogo, palikuwa na kichaka cha majani magumu kilichoota kwenye ufa wa mwamba, nacho kilimfunika kinda mpaka mama arudi. Nilijifunza kula taratibu ili tumalize pamoja. Najua ni jambo la kuchekesha kwa mtu mzima kuliandika. Lakini sikuwa na mtu mwingine wa kula naye mchana.

Sikuwanyooshea kidole hata siku moja. Nilipotaka kuwaonyesha mbuzi jinsi kinda alivyokua, niliwaonyesha kwa kidevu.

Asubuhi moja mtu alipiga hodi kwetu. Alivaa kanzu na kofia, jina lake Salehe, mwenyeji wa mjini, ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Alisema Kigogo cha sokoni, bibi akamwelewa. Alitaka maziwa ya mbuzi kwa ajili ya bwana wake.

"Bwana gani?" bibi aliuliza.

"Mdachi, mama. Mzee. Amepiga hema huko juu. Hataki pembe, hataki ngozi, hataki kodi. Anataka sura za ndege tu, anazitia sandukuni."

"Mdachi asiyetaka kodi? Huyo ni mgonjwa. Mpelekee maziwa haraka."

Salehe alicheka hata kofia ikamwendea upande. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya nguzo. "Na huyu binti, ana ulimi?"

"Anao," bibi alisema. "Ameuweka akiba."

"Basi nitamwita Bi Kimya."

Nilikuwa nimezoea Bubu. Bi Kimya lilikuwa jina la kwanza nililopewa na mtu huku akitabasamu.

Siku ile ile Salehe na bwana wake walinikuta mlimani. Mzee yule alikuwa na pua iliyobabuka kwa jua na viatu vizito. Aliniamkia "Mbukwa" kama watu wetu, ila alilitamka kama mtu mwenye jiwe mdomoni. Wapagazi wake walikuwa wameshampa jina la Bwana Kitambaa, kwa kuwa alisimamisha sanduku lake juu ya miguu mitatu, kisha akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, akakaa humo muda mrefu kama mgonjwa anayejifukiza. Niliogopa. Yeye akakiinua kitambaa, akaniashiria niingie.

Humo mlikuwa na kioo chenye ukungu, na ndani ya kioo walikuwemo mbuzi wetu, wadogo sana, na rangi zao zote, miguu juu, wakila majani yaliyoning'inia. Nikatoa kichwa nikawatazama mbuzi. Wamesimama vizuri. Nikakirudisha. Wamepinduka tena. Nilicheka kwa sauti.

"Haa! Kumbe Bi Kimya ana meno!" Salehe alisema.

Kwa siku tatu nilikula nao mchana. Salehe alipika wali, chakula ambacho nilikuwa nakisikia tu. Aliniuliza majina ya mbuzi mmoja mmoja, na kesho yake aliyakumbuka. Bwana Kitambaa hakusema mengi, lakini alipokata mkate wake alinipa kipande kikubwa, akabaki na kidogo. Siku hizo tatu sikwenda kwenye jiwe langu bapa. Nataka anayesoma alijue hilo pia.

Siku ya nne Salehe alisema, "Bi Kimya, bwana amekuja kutoka mbali kwa ajili ya tai mweusi. Hakuna aliyewahi kupata picha yake akiwa na kinda. Amemwona angani, kiota hajakiona. Tusipokipata, kesho tunahamia mlima mwingine. Wewe unayeshinda hapa, hukijui?"

Kesho tunahama. Sikusikia kingine.

Nilitazama mkono wangu. Vidole vyote vitano vilikuwa vimeshika fimbo ya kuchungia. Bibi alikataza kidole. Fimbo hakuitaja. Niliinua fimbo nikaielekeza kwenye jabali, na moyoni nikajiona nina akili.

Walileta sanduku, wakalisimamisha juu ya jiwe langu. Bwana Kitambaa aliingia kitambaani, akatoka, akatikisa kichwa. Salehe akatufasiria: kichaka kinatia kivuli, na sanduku halioni gizani. Basi wapagazi wawili walizunguka mpaka juu ya jabali, wakamshusha Salehe kwa kamba, panga kiunoni.

"Mama yangu alinizaa mara moja tu!" aliwapigia kelele. "Mkiniachia, mtakwenda kumweleza wenyewe!"

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka. Kichaka kilianguka korongoni kwa mapigo mawili ya panga, na mama tai akaruka.

Picha ya kwanza ilipigwa asubuhi ile. Lakini Bwana Kitambaa alimtaka mama kiotani pamoja na kinda, kwa hiyo tukangoja. Tai wote wawili walizunguka juu yetu, wakazunguka, wakazunguka. Hawakushuka kwa sababu ya watu.

Jua la mlimani hudanganya. Upepo wa kule ni wa baridi. Salehe alijifunika blanketi, akalalamika kwamba masikio yake yamekufa. Lakini kibaraza kile kilikuwa kimejikinga na upepo, na mwamba wake hushika moto kama kikaango. Kinda alisimama, akaketi. Akapanua mdomo. Akainua vibawa vyake ambavyo havijaota manyoya. Akajivuta upande wa kichaka, kichaka hakipo. Akajivuta ukingoni, mahali ambapo mama husimama. Katika wote tuliokuwa pale, mimi peke yangu nilijua kwamba ile ilikuwa saa ya mama kufungua mabawa.

Maneno nilikuwa nayo. Jua linamwunguza. Mama yake humfunika. Tuondoke. Niliyapanga mdomoni, nikayapangua, nikayapanga tena. Niliogopa sauti yangu. Niliogopa Salehe ataudhika, na kesho nitakuwa Bubu. Niliogopa wataondoka kweli. Bwana Kitambaa alikuwa amefurahi. Alisema kinda amekaa vizuri kwenye mwanga, mdomo wazi, na akabadilisha kioo akapiga picha nyingine. Salehe akanikonyeza. Nami nikatabasamu.

Alasiri kinda aliinamisha kichwa. Wao walidhani amelala. Walifunga vitu vyao wakashuka kambini, mimi nikabaki kwa kujifanya natafuta mbuzi. Walipotokomea, mama tai alitua. Alimgusa kinda kwa mdomo. Akachukua kipande cha nyama akakiweka mbele yake, akakitoa, akakiweka tena. Kisha akageuka, akafungua mabawa juu yake. Jua lilikuwa limeshavuka jabali. Upande wote ule wa mlima ulikuwa kivuli.

Nyumbani bibi alikuwa akisonga ugali. Nilimwambia yote, nikaanza na utetezi wangu. "Sikunyoosha kidole, bibi. Nilinyoosha fimbo."

Mwiko ukasimama ndani ya chungu. "Na fimbo ni nini, kama si kidole kirefu?"

Nilingoja kupigwa. Bibi alinyoosha mkono, akaichukua fimbo, akaiuma ncha upande huu na upande huu kwa meno yake machache yaliyobaki, akatema mate majivuni, akanirudishia.

"Kula," alisema.

Mlenda ulipoa mbele yangu. Bibi hakulitaja jambo lile tena mpaka anafariki.

Kesho yake walirudi kwenye jiwe bapa, wakaona nzi kiotani. Bwana Kitambaa alitazama kwa darubini yake muda mrefu. Kisha akaniuliza kitu, na Salehe akafasiri: "Bwana anasema, amekufa kwa nini? Jana alikuwa mzima."

Hata hapo sikuweza kusema. Nilisimama mbele ya Salehe aliyekuwa ameketi, nikaligeuzia jua mgongo, nikafungua mikono yangu yote miwili. Kivuli changu kikamwangukia usoni. Nikakaa hivyo. Salehe hakuelewa upesi. Mzee alielewa. Aliketi chini pale pale alipokuwa, akavua kofia, akatazama kile kisiki cha kichaka.

"Ulijua?" Salehe aliniuliza. "Tangu jana?"

Niliinamisha kichwa kukubali.

"Na hukusema."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema polepole, kama mtu anayeokota kitu akakitazama. Siku iliyofuata walihama.

Nilirudi kula peke yangu, ila sasa hata kiotani hapakuwa na mtu.

Kiangazi kilichofuata tai hawakurudi kwenye kibaraza kile. Niliwatafuta karibu mwezi mzima, nikawakuta juu zaidi, penye jabali linalopakana na msitu, wakijenga upya. Sikumwambia mtu, hata bibi. Wakati ule ule Bwana Kitambaa naye akarudi, amekonda, na Salehe yuko naye. Salehe alinipa karatasi ngumu iliyofungwa ndani ya kitambaa. Ilikuwa picha ya kinda. Mweupe, anang'aa, mdomo wazi.

"Bwana anasema hii ni yako. Nyingine hajamwonyesha mtu yeyote."

Kisha, kwa wema tu, akauliza, "Wamejenga wapi safari hii, Bi Kimya?"

Niliiweka fimbo chini, nikaifunika kwa mguu. "Sijui," nilisema. Ulikuwa uongo, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia sauti yangu ikisema neno lisilokuwa jina la mbuzi.

Wakati huo huo mama tai akapita juu yetu, na kijiti chenye majani mabichi katika kucha zake, akaelekea moja kwa moja kwenye jabali la juu. Mwenye macho asingeweza kukosa kumwona. Salehe aliinua mkono ili amwonyeshe bwana wake. Bwana Kitambaa akaushika mkono ule, akaushusha taratibu mpaka pajani. Katazo la bibi hakulijua, hakuna aliyemwambia. Alimtazama tai mpaka akapotea, kisha akachukua kifuniko cha ngozi akaliziba jicho la sanduku lake. Tulikula mchana ule sote watatu. Walipoondoka sikuwaona tena, wala sijasikia habari zao.

Baadaye bibi alikubali nisome katika shule ya misheni, nikapata kuandika. Niliolewa, nikaja huku Dodoma karibu na stesheni. Reli iliyomchukua baba yangu sasa inapita nyuma ya nyumba yangu. Mwaka jana, vita vya Wazungu vilipofika katika nchi yetu, askari walikusanya wanaume wa kubeba mizigo, na mume wangu akawa mmoja wao. Sina habari zake. Kigoda chake kiko mlangoni. Naishi na binti yangu, ambaye ameanza kukaa na kunyoosha kidole kwa kila kitu: taa, kuku, mwezi.

Ile picha nimeiegemeza dirishani. Majirani wakiingia hupenda kuitazama. Wote husema jambo moja: tazama, ndege anaimba. Kwa miaka yote hiyo sikuwasahihisha. Nilitabasamu, kama nilivyotabasamu siku ile.

Nimefikiri sana juu ya katazo la bibi. Sijui kama kidole kina nguvu ya kumzuia mama asirudi kiotani. Najua kwamba mama yule alitaka kurudi kutwa nzima, nasi ndio tuliomzuia, na tulikuja kwa sababu nilionyesha. Hivyo bibi alisema kweli. Lakini tangu nimepata mtoto, lile linaloniamsha si fimbo. Fimbo niliinua mara moja tu. Kimya nilikaa nacho tangu asubuhi hadi alasiri, na kila dakika niliweza kukiacha.

Wiki iliyopita jirani yangu Mama Zuhura alikuja kuniomba chumvi. Binti yangu alikuwa mapajani pangu, akanyoosha kidole kuelekea picha. Nilikishika kidole, nikakikunja polepole ndani ya ngumi yake.

"Eeh, mwache, anampenda ndege," Mama Zuhura alisema. "Mwone, mwanangu. Mwone anavyoimba."

Maneno yalinifika mdomoni, na safari hii yeye alikuwa bado hajapita.

"Haimbi," nilisema.

"Nini?"

"Haimbi, Mama Zuhura. Anaungua jua. Mama yake alikuwa angani, anatuogopa. Sisi tulikuwa tumekaa tunamtazama."

Alinitazama kama mtu aliyesikia ukuta ukisema. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Alikaa nasi kitambo, chumvi yake mkononi, macho kwenye picha. Jua la jioni lilikuwa limeingia dirishani na kuipiga. Kabla hajaondoka aliinuka, akaichukua kwa mikono miwili, akaihamishia upande wa ukuta wenye kivuli.